Nimeshinda Kesi ya Kufu

Jumatano, katikati ya Rajabu.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba ya vuli isiyo na ngurumo, ambayo ukiwa ndani utadhani imekwisha mpaka utoke nje. Mtaa mzima ni matope. Duka sikulifungua leo. Adhana ya isha bado, na ninaandika kwa haraka, kwa sababu nikilala na mambo haya kifuani naogopa kesho nitaamka nimeshayazoea.

Leo asubuhi nimeshinda kesi barazani kwa kadhi. Niliyemshinda ni dada yangu.

Maryamu. Mtoto niliyemlea mwenyewe tangu mama yetu alipokufa kwa ile homa kuu iliyokuja mwisho wa vita. Alikuwa na miaka tisa tu, na baba alikwisha kututangulia zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha kutia udhu. Leo amekaa upande wa pili wa chumba, ndani ya buibui lake, na kadhi alipotoa hukumu sikuuona uso wake. Niliona mikono tu, imefumbatana magotini. 

Jambo lenyewe si refu. Miezi mitatu iliyopita Idi alileta mshenga kumposa Maryamu. Idi ni kijana wa miaka ishirini na sita, anapanga herufi katika kiwanda kimoja cha chapa upande wa mjini. Ana mshahara wa mwezi, ana baiskeli, hanywi, na swala hazimpiti. Baba yake ni Feruzi, mwashi, mwenye nyumba ya udongo kule Msimbazi. Na Feruzi alikuwa mtumwa wa baba yangu.

Nilimjibu mshenga maneno matatu: "Si kufu yetu."

Kila aliyesoma chuo cha Kurani katika pwani hii anajua kufu ni nini. Mume awe sawa na mke kwa hadhi, asimshushe yeye na jamaa zake. Mwalimu wetu alituhesabia kwa vidole: dini, uhuru, nasaba, kazi. Mwarabu haozi binti yake kwa mtu ambaye baba yake alinunuliwa. Sikuhitaji kufikiri. Yalinitoka kinywani kama amina.

Maryamu hakulia, na hilo lingenitisha kama ningekuwa na akili. Juma zima alipika na kufua kama kawaida. Kisha siku moja akavaa buibui, akafuatana na jirani yetu mmoja mama mtu mzima, akaenda kwa kadhi kushitaki kwamba mimi, walii na msimamizi wa ndoa yake, namzuilia ndoa bila haki. Kariakoo yote ilijua kabla yangu. Nilikuwa napima chumvi, mteja akaniuliza, "Bwana Nassoro, kwani nyumbani kuna nini?"

Ami yangu Seif, ndugu wa baba, alipopata habari kule Bagamoyo alipanda lori la kwanza. Hakukaa hata kahawa ikapoa.

"Ukimwoza Maryamu kwa mtoto wa Feruzi," alisema, "siku nikifa usije matangani kwangu. Na wewe ukifa sitakuja."

Hapa lazima niandike wazi jambo ambalo leo hakuna aliyelitaja barazani. Walii akiridhia na mwanamke akiridhia, kufu haizuii ndoa. Neno langu moja lingetosha. Sheria iliniachia mlango wazi, na mkono ulioufunga ni huu ulioshika kalamu.

Nimeshinda nikijiuliza nilianza lini kuamini haya, na kama niliwahi kuyaamini, au niliyarithi tu pamoja na mizani ya duka.

Nakumbuka Bagamoyo. Nilikuwa na miaka saba hivi, na kila asubuhi Feruzi alinibeba begani kunipeleka chuoni, kwa sababu baba hakutaka nikanyage tope. Akifika mlangoni ananishusha, ananifuta miguu, kisha anakaa nje karibu na viatu. Alijifunza Fatiha kwa kuisikia dirishani. Siku moja nilimwuliza baba kwa nini Feruzi haingii ndani kusoma na sisi. Baba akanyoosha mkono wake mbele ya uso wangu, akavitanua vidole.

"Mungu angetaka vidole viwe sawa, angeshindwa?"

Nikaridhika. Mimi nilikuwa kidole kirefu.

Nilipokua, katika siku za Mjerumani, baba alimwandikia Feruzi hati ya uhuru, ikapigwa muhuri bomani. Watu walikuja kumpa baba mkono. Walisema amefanya jambo kubwa kwa ajili ya Mungu, na mimi pia nilijivuna. Nikaona kumbe ndiyo hekima yenyewe: Mungu ameweka wakubwa na wadogo ili wakubwa wapate mahali pa kuchumia thawabu. Sikumbuki mtu aliyempa Feruzi mkono. Nakumbuka siku hiyo hiyo ndiye aliyepitisha kahawa.

Kisha vita, kisha Mwingereza. Miaka michache baada ya vita likatoka tangazo kwamba utumwa umekwisha kabisa, hakuna tena bwana wala mtumwa katika nchi hii. Hapakupigwa ngoma mtaani kwetu. Feruzi alikuja dukani na hati yake ya zamani, ameikunja ndani ya kitambaa, akaniuliza kama bado ina kazi.

Nikamwambia aitunze.

Nikadhani mambo yamekwisha. Na kweli yalikuwa yanapungua, kila mtu aliona. Feruzi alijenga nyumba yake mwenyewe. Alivaa kanzu na kofia na viatu, naye zamani asingethubutu kupita navyo mbele ya baba. Mwanawe alisoma shule ya Serikali. Wakati huo huo sisi, wenye nasaba, tulikuwa tunateremka taratibu. Bagamoyo ilikuwa imekufa tangu kabla ya vita, tukahamia huku, Feruzi naye, nikapata kiduka karibu na soko. Idi alikuwa akiniletea karatasi zilizoharibika kiwandani, nizifungie chumvi na sukari. Nilikuwa naishi kwa kufunga bidhaa katika karatasi alizotupiwa mtoto wa mtumwa wetu, na bado nilimwita baba yake "Feruzi" tupu, bila mzee wala baba fulani, naye ananizidi miaka ishirini na zaidi.

Maryamu alikuwa akizichambua karatasi hizo nyuma ya duka. Nilidhani anachagua zilizo safi. Kumbe anazisoma. Alijifunza herufi za Kizungu peke yake kwa matangazo ya mnada na ratiba za meli, na akikwama humwuliza Idi kupitia pazia. Nadhani yalianzia hapo. Sikuona ubaya, kwa maana sikuona kitu.

Siku moja baada ya kumrudisha mshenga, Idi alikuja mwenyewe dukani. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliegemeza baiskeli, akasubiri mteja aondoke.

"Bwana Nassoro," alisema, "kule kazini tuko watatu tunaopanga herufi zile zile. Mzungu anakaa chini ya panka. Mhindi anakaa karibu na dirisha. Mimi nakaa karibu na mlango wa choo. Navumilia, najiambia Mzungu hanijui. Wewe unanijua."

"Dunia ndivyo ilivyo, Idi."

"Ndivyo ilivyo, au ndivyo mnavyoiweka?"

Nikashika mizani nikaanza kupima kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Alipoondoka niliona amekiacha kifurushi cha karatasi juu ya sanduku. Kilikuwa cha mwisho. Hakuleta tena.

Maneno yake yalinikaa. Sisi Waarabu wa mji huu tuna manung'uniko yetu. Wazungu wamejikatia upande wa bahari wenye bustani na upepo, Wahindi wana maduka ya katikati, na sisi tumesukumwa huku kwenye viwanja vya mchanga pamoja na kila mtu. Wazee wetu hukutana kila mara kutaka Serikali isituhesabu pamoja na wenyeji. Nimewahi kukaa katika mikutano hiyo. Nimewahi kusema kwa sauti kubwa kwamba ni dhuluma kumpima mtu kwa kabila lake. Wakanipigia makofi.

Sasa niandike ya leo.

Baraza lilijaa. Watu walikuwa wamelowa, chumba kinanuka kanzu mbichi na matope. Vijana wa mtaani walikuja kutazama kama tamasha. Kadhi ni mtu mpole, macho yake yamechoka, nadhani alitamani kesi hii ingemwangukia mwenzake.

Alianza na Maryamu. "Binti, unamtaka mtu huyu?"

"Namtaka."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Unamjua baba yake alikuwa nani?"

"Namjua," Maryamu alisema. Sauti yake ilisikika mpaka nje. "Ndiye aliyechimba kaburi la mama yangu, siku ambayo jamaa zetu waliogopa homa."

Ami Seif akasogea kwenye mkeka. Ni kweli. Siku zile watu walikufa nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyetaka kugusa maiti ya mwenziwe. Ami hakuja kutoka Bagamoyo. Tulikuwa mimi na Feruzi tu, na jeneza la kuazima.

Idi akainuka. "Shehe, Serikali imefuta utumwa."

"Imefuta, na imefanya vyema," kadhi akasema. "Walakini Serikali haifungi ndoa, mwanangu. Mimi hapa nimeletewa neno la nasaba. Yuko wapi baba yako?"

Feruzi aliingia akiwa amevua viatu mlangoni, kanzu yake imelowa mpaka magotini. Ametembea kutoka Msimbazi kwa miguu. Kabla hajafika mbele ya kadhi alinigeukia mimi, akainama kidogo.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba," nikasema.

Ulimi ulijibu wenyewe. Vijana wawili watatu waliinua vichwa, mmoja akacheka. Siku hizi mjini shikamoo ni ya mdogo kwa mkubwa. Anayezidiwa umri ndiye anayeamkia, hakuna anayeuliza zaidi ya hapo. Hawa vijana hawajui kwamba wazee wetu waliijua kuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Wao waliona mzee wa mvi anamwamkia mtu wa umri wa mwanawe, wakadhani amechanganyikiwa. Katika chumba kile tulioielewa ile shikamoo tulikuwa wachache sana, na Idi alikuwa mmoja wetu. Nilimwona akigeuza uso ukutani.

"Jina lako?" kadhi akauliza.

"Feruzi."

"Bin nani?"

 Feruzi aliangalia mikono yake, ile mikono ya chokaa, kana kwamba jina limeandikwa humo. "Bin Abdallah," akasema mwisho. "Ndivyo walivyoniandika." Akatoa kile kitambaa, akafungua hati yake, akaiweka mbele ya kadhi. Ile ile niliyomwambia aitunze.

"Ulikuwa wa nani?"

"Wa marehemu baba yake huyu bwana."

"Alikununua wapi?"

"Bagamoyo, shehe. Tulifika na msafara wa pembe kutoka Manyema. Mimi na wengine."

"Hao wengine wako wapi? Yupo anayeweza kushuhudia?"

Kadhi aliuliza kwa kawaida tu, kalamu mkononi. Feruzi akainua macho, akanitazama.

Mmoja wa hao wengine alikuwa mama yangu.

Nimekwisha kuiandika. Sijawahi kuiandika wala kuitamka. Mama yangu alikuwa suria, kijakazi aliyewekwa ndani na bwana wake akamzalia. Baba alimnunua siku moja na Feruzi, katika ua mmoja, naye ni msichana wa miaka kama kumi na mitano. Alitoka huko kwao pamoja na Feruzi, wakaitana ndugu mpaka alipokufa. Alinizaa mimi, akazaa wengine wakafa, mwisho akamzaa Maryamu. Tulipohamia mji huu niliwaambia watu mama ni Mwarabu wa Mafia. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale pale niliposema, akaendelea kuchagua mchele.

Maryamu hajui. Au hakujua, mpaka magharibi ya leo.

Kwa sheria haidhuru kitu. Nasaba hufuata baba. Mtoto wa suria ni Mwarabu kamili, anarithi sawa na wenziwe. Kama Feruzi angelitaja jina la mama pale, hukumu isingebadilika hata nukta. Lakini vijana wale wangecheka tena, na safari hii wangenicheka mimi. Kesho yake wateja wangeniangalia mara mbili. Na kadhi labda angeniuliza, kwa upole wake ule, hicho ninachokilinda ni kitu gani hasa.

Feruzi alijua yote hayo. Mwanawe amekaa nyuma yake, na neno moja lingemlipizia kisasi. Nilitazama mkeka.

"Ni zamani, shehe," akasema. "Wengine siwakumbuki."

Mtu aliyemchimbia mama yangu kaburi kwa mikono yake. Akasema hawakumbuki.

Baada ya hapo kadhi hakuchukua muda mrefu. Alisema mambo ya dini yametimia na tabia ya kijana haina doa, ila walii ana haki yake katika nasaba na hawezi kumvunjia haki hiyo. Akanitazama kabla ya kumaliza. "Isipokuwa walii mwenyewe aridhie." Akangoja. Nadhani alingoja zaidi ya ilivyo desturi. Nilisikia maji yakitiririka kwenye paa la madebe.

Sikusema neno.

Idi alimshika baba yake mkono wakatoka. Maryamu akatoka na yule jirani. Ami Seif alinikumbatia mbele ya watu. "Umeilinda nyumba ya baba yako," akasema. Ami huyu huyu, siku tulipogawana urithi, aliniita mtoto wa kijakazi machoni pangu kwa sababu ya shamba la minazi. Leo nyumba imekuwa yangu, kwa kuwa palihitajika mtu wa kuilinda.

Adhuhuri alipanda lori akarudi Bagamoyo. Nyumbani nilikuta chakula kimefunikwa kawa. Sahani moja. Maryamu alikuwa chumbani kwake, mlango umeegeshwa. Nilikaa mbele ya wali mpaka ukapoa, nikaufunika tena.

Baada ya swala ya alasiri nikaenda Msimbazi.

Maji ya Jangwani yamepanda, yamefika nyuma ya nyumba za mwisho. Nilimkuta Feruzi amevaa shuka kuukuu, anashindilia udongo na mawe chini ya ukuta wake ili maji yasiule. Aliniona, hakuacha kazi. Mvua ilinipiga. Sikujua nianzeje, nikasikia nimesema, "Baba Idi."

Hapo akasimama. Katika miaka arobaini na moja ya umri wangu sijawahi kumwita hivyo.

Nikamwambia nimeridhia. Nikamwambia Idi aje kesho na mashahidi wawili, nitamwoza dada yangu mimi mwenyewe, ami na aseme atakalo. Nilikuwa nimeyapanga njiani, na yalipotoka niliona kifua kimekuwa chepesi, nikamngoja afurahi.

Feruzi alinawa mikono katika dimbwi, akaenda kukaa barazani kwake. Hakuniambia nikae. Nikabaki nimesimama mbele yake.

"Umechelewa nusu siku," akasema. "Ungekuja jana ningekubusu mkono."

"Idi amebadili nia?"

"Idi yumo ndani, anasikia. Anamtaka. Nisiyetaka ni mimi."

Nikauliza kwa nini, swali la kipumbavu. Aliyatazama maji.

"Miaka yote hii nilidhani mtu akinyamaza, akafanya kazi yake, akaswali, mambo haya yatakufa yenyewe. Na niliyaona yanakufa. Mtaani hakuna anayeniuliza. Msikitini nasimama safu ya mbele. Leo nimeulizwa mbele ya mwanangu, bin nani, na sikuwa na jina la kusema. Nilimwona alivyogeuka ukutani. Sasa unakuja na mvua kumpa mke, kama marehemu baba yako alivyonipa uhuru. Watu watakuja kukupa mkono wewe. Na wajukuu wangu wakienda Bagamoyo kwenye arusi za jamaa zenu, watakaa wapi? Karibu na viatu? Hapana, Bwana Nassoro. Mtafutie dada yako Mwarabu."

"Maryamu hana kosa."

"Hana. Ni mtoto wa ndugu yangu." Alilisema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asiuvunje. "Ningeweza kulisema neno hilo leo. Mama yako alinishika mkono siku anakata roho, akataka Maryamu asijue mama yake alitoka wapi, wala watu wa mji huu. Nimenyamaza kwa ajili yake. Usidhani ni kwa ajili yako."

Idi alikuja akasimama mlangoni. Ameshavua koti la kazini, macho mekundu. Alisema Tabora wanatafuta mpanga herufi, naye atapanda gari moshi mwisho wa juma. Alimtazama baba yake, kisha mimi. "Mwambie Maryamu si mimi niliyekataa." Akarudi ndani.

Feruzi alikwisha shuka barazani, anaokota mawe. Nikainama nichukue jiwe nimsaidie.

"Acha," akasema. "Yamebaki machache."

Nilirudi nikipitia barabara ya juu. Sikumbuki nilikutana na nani.

Maryamu alikuwa amewasha taa, amekaa kwenye mkeka, hafanyi kitu. Nikakaa mkabala naye nikamwambia yote: kwamba nimekwenda kuridhia, kwamba Feruzi amekataa, kwamba Idi anaondoka, na lile neno aliloniagiza. Alilisikiliza lile neno la Idi akafumba macho. Kisha nikamwambia habari za mama. Nilianza mara tatu ndipo nikafika mwisho. Nilimweleza kuhusu Bagamoyo, ule ua, Mafia niliyoitunga, na kile hasa Feruzi alichokinyamazia asubuhi ile.

Nilitegemea anilaani. Nadhani nilitaka anilaani, ingekuwa nafuu.

"Mama aliitwa Zuhura binti Abdallah," alisema. "Huyo Abdallah ni nani?"

"Si mtu. Waliandikwa hivyo wote."

"Na Zuhura?"

"Baba alimpa."

"Basi kwao aliitwa nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu, kwa maana nilidhani najua. Leo asubuhi kadhi aliponiuliza nasaba yangu nilimtajia baba saba bila kuvuta pumzi, mpaka yule aliyeshuka kutoka Arabuni. Mama yangu aliniimbia, akanilisha, nikamzika, na jina lake silijui. Haikunijia hata siku moja kumwuliza.

"Sijui," nikasema.

Maryamu alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonitoa chumbani. Nilipofika mlangoni alisema kesho asubuhi atakwenda Msimbazi kwa Baba Idi kumwuliza. Nikamwambia maji yamepanda. Akasema atapita juu. Nikamwambia nitamsindikiza.

"Usije, kaka," akasema.

Naandika huku namsikia akitandika. Feruzi atamfungulia mlango, hilo sina shaka nalo. Atamkalisha na atamwambia. Ninalojiuliza ni kama Maryamu akirudi na jina hilo, ataniambia na mimi.